Tutaongea Mbegu Zikiisha

Mashada yalikuwa saba. Nikahesabu tena, kwa sababu kitu nisichokihesabu mara mbili huwa nakiona hakipo, yakawa saba. Manne kati yake yalikuwa na gugu karoti.

Niliinama kama mtu anayesoma jina kwenye utepe. Maua makubwa mekundu na ya njano yalikuwa machache, yamepangwa mbalimbali, na mapengo katikati yamejaziwa vitawi vya maua meupe madogo kama punje za mchele. Jani limechanika kama la karoti. Bua lina mifereji kwa urefu wake. Ukilijua hujiulizi mara ya pili, na mimi nalijua kuliko ninavyowajua baadhi ya shangazi zangu. Nilitoa mfuko wa mkate mkobani, nikauvaa mkononi, nikaanza kulichomoa, tawi kwa tawi, mbele ya kwaya na wazee wa kanisa. Mama mmoja mwenye sare ya kwaya akaninong'oneza kwa sauti ambayo watu wa safu ya nne waliisikia: "We dada, unaiba maua ya marehemu?" Nikamwambia, "Siibi, mama. Namtoa aliyemuua." Wengine wakatazama chini, kwa adabu ile ya msibani ambayo watu huitumia wanapodhani mtu amechanganyikiwa. Dakika kumi kabla ya hapo, msomaji wa wasifu alikuwa amesema marehemu "alisumbuliwa na kifua kwa muda mrefu, hadi ilipompendeza Bwana." Nilisikiliza sentensi hiyo hadi mwisho nikitumaini kuna inayofuata. Haikuwepo. Kifua kimemsumbua, Bwana kapendezwa, tule wali. Hakuna aliyetaja jani. Nilikasirika hapo na hadi naandika sijapoa.

Marehemu ni Mama Ndeshi. Hakunizaa. Ukoo wangu nauacha hukohuko Ngarenaro ulipo, una makelele yake na haukuhusika. Mama Ndeshi alikuwa mwenye nyumba wangu kwa mwaka mmoja, nikiwa na miaka ishirini na mbili, na mwaka huo ndio nitakaousimulia kwa kuwa wasifu uliuruka. Chumba alichonipangisha kilikuwa juu ya Kikatiti, unapoiacha lami na kupanda kuelekea mlimani hadi migomba inapoanza kushikana mikono. Kilikuwa cha mbao, upande mmoja banda la ng'ombe, upande mwingine jiko, hivyo nililala kati ya ng'ombe na sufuria. Ukuta wa jikoni ulikuwa na mbao ishirini na sita. Kati ya ubao wa tisa na wa kumi palikuwa na mwanya, na kwenye mwanya huo zilipita harufu ya vitunguu, moshi, na maneno yote ambayo Mama Ndeshi na binti yake Ndeshi walidhani wanaambizana wenyewe. Ndeshi alikuwa rika langu, anasubiri kwenda chuo cha ualimu, na kazi yake kubwa mwaka ule ilikuwa kunichokoza.

Mimi nilikuwa muuza majani. Kule juu watu hawachungi. Mashamba ni vipande, ng'ombe anafungwa bandani mwaka mzima, na majani ndiyo yanayomfuata. Kiangazi kikikaza, majani ya mlimani huisha, na lazima mtu ateremke tambarare kuyatafuta. Nilikodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, pamoja na dereva wake, tukakata nyasi kandokando ya barabara kuu na kwenye viwanja vilivyotelekezwa, tukafunga matita, tukapandisha, nikauza mlango kwa mlango. Mtaji wangu ulikuwa panga na mdomo. Panga nilikuwa nalinoa asubuhi, mdomo haukuhitaji. Nilibishana na mwenye kirikuu, nikabishana na wenye viwanja, nikabishana na akina mama wa mlimani mpaka wengine wakawa wananunua ili nitoke mlangoni. Mama Ndeshi peke yake hakubishana. Alihesabu matita, akayahesabu tena, akasema "sawa, Mswahili wangu," akaenda. Nilimpenda kwa ile mara ya pili. Niliona nimempata mtu wa kabila langu.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kibaya. Nyasi za tambarare zilibaki fupi kama ndevu za mtoto wa sekondari. Lakini kando ya barabara, palipokuwa pamemwagwa kokoto na mchanga wa ujenzi, lilikuwa limestawi jani moja la kijani kibichi, linanifika kiunoni, laini kulikata, jingi mpaka inakera. Halikuwa na jina kwetu wakati ule. Dereva, mtu wa maneno machache, alilitazama akatema mate. "Dada, hilo hata mbuzi hawalitaki." Nikamwambia mbuzi hawanilipi. Nikalikata. Nililifunga kama wauza viazi wanavyojaza gunia, vikubwa juu kwa ajili ya macho: nje nyasi, ndani jani la kokoto. Sikufanya hivyo kwa matita yote. Nilijua idadi yake kamili, na nitaitaja mahali pake, alipoiuliza mwenye haki ya kuiuliza. Viganja viliniwasha wiki nzima. Nilivipaka mafuta ya mgando nikasema ni jua.

Hapa lazima nieleze sheria ya nyumba ile, maana bila hiyo hutaelewa jinsi kosa dogo lilivyopata miguu. Kwa Mama Ndeshi hakuna jani lililotupwa. Ukipalilia, palizi unaibeba kichwani unampelekea ng'ombe. Anachokiacha horini kinakuwa malalo yake, malalo na mavi vinakuwa samadi, na samadi inarudi shambani kulisha mahindi, maharage na migomba. Ilikuwa akili kubwa, na ndivyo walivyoishi vizazi vyote mlimani pale kwenye vishamba visivyotosha. Nasema hivi kwa sababu nimewahi kumsikia bwana mmoja wa mjini akisema wale akina mama hawakuwa na elimu. Walikuwa nayo. Walikuwa na mzunguko usio na tundu, na mimi nikautoboa tundu nikiwa nimevaa tabasamu.

Jioni tulikula jikoni, viti vitatu na kigoda, na chakula kilichopendwa ni loshoro, mahindi yaliyokobolewa yakachemshwa, yakapoa, yakachanganywa na maziwa mgando. Ndeshi hakunipa bakuli bila neno. "Kula, Mswahili. Samaki hawajapanda mlima." Siku moja Mama Ndeshi aliweka kijiko mdomoni akasimama hapohapo, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa nje.

"Ndeshi, kibuyu umekiosha na nini?"

"Na maji, mama. Kuna kingine?"

"Maziwa ni machungu."

"Basi mwulize aliyeyatoa," Ndeshi akasema, akielekeza kidole ukutani, bandani.

Mimi nilikula mabakuli mawili ili ionekane sijaonja tofauti. Uchungu ule unakaa nyuma ya ulimi, hausukumwi na chai wala sukari. Kesho yake kituo cha kukusanyia maziwa kiliyakataa maziwa yake, na keshokutwa, na siku iliyofuata. Aliyabeba yakiwa ndani ya ndoo, akayarudisha yakiwa ndani ya ndoo, amenyooka vilevile. Alilaumu kibuyu, akamlaumu Ndeshi, akaita mtu amkague ng'ombe chuchu, akaanza hata kumtilia shaka jirani mwenye macho makali. Kila siku alitafuta mkosaji mpya, na kila siku mkosaji alikuwa amekaa kwenye kigoda anapuliza chai. Baada ya chakula, kwenye mwanya wangu, nilimsikia Ndeshi: "Mama, huyu mpangaji wako anakuletea takataka. Mimi nimefungua tita, ndani kuna maua." Mama Ndeshi akasema, "Analeta majani. Kiangazi hiki unataka alete nini, keki?" Kisha akashusha sauti. "Nyamaza, atasikia ajisikie vibaya." Nilisikia. Nikajisikia vibaya kwa muda wa kama nusu saa, nikalala.

Masika yalipofika, alisambaza samadi. Majuma machache baadaye aliniita shambani kwa furaha ambayo sijawahi kumwona nayo tena. Kwenye mistari yote ya samadi, katikati ya mahindi na maharage, vilikuwa vimeota vimche ambavyo majani yake yamelala chini kwa mduara kama sahani, yamechanika kwa ustadi.

"Njoo uone, Mwajuma. Karoti."

"Ulipanda, mama?"

"Sikupanda. Amepanda Mungu."

Na akazitunza. Naomba msomaji akae na neno hilo. Alizipunguza, akaacha nafasi ya kiganja kati ya mche na mche. Alipalilia magugu mengine yote, yale yasiyo na hatia, ili lile lipate hewa. Mimi nilikuwa nimelikata kwa panga miezi mitatu, naijua harufu yake, naujua mwasho wake, na siku ile ndiyo siku ambayo neno moja lingetosha. Yalikuwa yangali machanga. Hayakuwa na ua hata moja. Mtu mmoja mwenye glavu angeyamaliza kwa asubuhi mbili. Nikasema, "Zimeota vizuri, mama." Watu huniuliza kwa nini nina ulimi mkali siku hizi. Ni kwa sababu siku ulipohitajika ulikuwa mtamu.

Karoti zikapanda juu. Zikafika magotini, zikafika kiunoni, zikachanua meupe shamba zima. Mama Ndeshi aling'oa moja, akatazama mzizi mweupe mwembamba kama mkia wa panya. "Karoti gani hii?" akasema, akacheka kwa kujicheka. Akafanya alichofundishwa na mama yake na bibi yake. Alikunja mikono ya gauni, akang'oa kwa mikono mitupu kwa siku tatu, akafunga mizigo, akaibeba kichwani kumpelekea ng'ombe. Vumbi la maua lilimwangukia shingoni na puani. Mbegu zilidondoka njia nzima, kutoka shambani hadi bandani. Siku ya nne mikono yake ilikuwa imevimba na kutoa vipele hadi viwikoni. Ya tano macho hayakufunguka. Ya saba alianza kukohoa kikohozi kisicho na makohozi, kifupi, kinachofuatana. Kwenye mwanya wangu nilikihesabu. Thelathini na moja kabla chai haijachemka. Nilitaka kuhesabu mara ya pili, nikaziba masikio.

Bibi shamba, ofisa kilimo wetu, alikuja akiwa amevaa gambuti na shati la mikono mirefu juani, akina mama wakamcheka. Hakucheka nao. Alisimama ukingoni mwa shamba la Mama Ndeshi kama askari aliyefika kwenye ajali. "Hili linaitwa gugu karoti," akasema. "Mche mmoja ukikomaa unamwaga mbegu kwa maelfu. Mnaling'oa likiwa bado sahani chini, kabla ya ua, udongo ukiwa na unyevu ili litoke na mzizi. Glavu, mikono mirefu, kitambaa puani. Likishachanua, mnalitia kwenye mfuko palepale mlipolitoa, mnafunga, linachomwa mbali na watu, na mtu asisimame kwenye moshi. Halibebwi kichwani. Halipewi ng'ombe. Na mtu mwenye pumu au upele asilisogelee kabisa." Mama Ndeshi, amejifunga khanga usoni, macho mawili mekundu, aliuliza swali moja: "Limefikaje?" Bibi shamba akajibu, "Linakuja na magari, na mchanga wa kujengea, na majani ya ng'ombe ya kutoka chini." Tulikuwa watu kumi na wanne pale. Wawili walinitazama. Ndeshi alikuwa wa kwanza. Wa pili sikumtazama nimjue.

Mwenye akili angesema hapo. Mimi nilikwenda mjini kutafuta njia ya mkato. Ngarenaro, kwenye kibanda kati ya fundi pikipiki na muuza spea, palikuwa na mtu anayepima dawa ya magugu kwa chupa za soda. Kwenye duka la pembejeo dawa ilikuwa kwenye kopo lenye lebo, na lebo ina bei yake. Nilimbana mwenye kibanda nusu saa nzima. "Hii ni ileile ya dukani, dada, imevua nguo tu," akasema. Nilicheka. Nilimshusha hadi akaapa kwa mama yake kwamba anapata hasara. Nilitoka nikijiona bingwa: nimepunguziwa bei. Kumbe nilipunguziwa pia jina la dawa, na kipimo, na onyo, na mazao isiyotakiwa kuyagusa. Niliazima bomba la mgongoni linalovuja, nikachanganya kwa kukisia, nikapuliza nikiwa nimevaa ndala, upepo ukinirudishia usoni, nikijisikia mwokozi. Chupa iliyobaki niliiweka dirishani jikoni, kando ya chupa ya mafuta ya kula. Ndeshi aliinua ile isiyo yenyewe juu ya kikaango, akanusa, akaishusha. Alinitazama bila mzaha kwa mara ya kwanza tangu nihamie. "Unataka kutumaliza wote?"

Baada ya siku chache maharage yote yalikuwa yamesinyaa. Mahindi yakawa ya njano. Gugu karoti nalo lilikauka likiwa limesimama, maua yake kichwani, mbegu zake zimekomaa, na upepo ulipokuja likazimwaga zote kwa utaratibu. Bibi shamba aliporudi aliniuliza mbele ya Mama Ndeshi.

"Umepuliza nini?"

"Dawa."

"Dawa gani?"

"Ya majani."

"Maharage si majani?" Akanyoosha mkono. "Lebo iko wapi?"

Nikamwonyesha chupa. Ilikuwa bado na picha ya machungwa. Akaivalia glavu, akaitia kwenye mfuko, akaondoka nayo bila kuaga. Nilimkasirikia kwa kunidhalilisha, nikamkasirikia mwenye kibanda, nikawakasirikia waliomwaga kokoto barabarani, nikawakasirikia wote waliolipita jani lile kila siku bila kuuliza jina lake. Wote walistahili. Ila orodha niliisoma mara mbili, na mara zote mbili jina la kwanza lilikuwa langu.

Nilimwambia jikoni, mchana. Alikuwa amekaa dirishani kwa sababu moshi wa kuni haukumfaa tena, na ungo wa maharage ya kununua mapajani, anachambua. Maharage ya kununua, masika, kwa mtu mwenye shamba.

"Mama, lile gugu nimelileta mimi. Lilikuwa ndani ya matita."

Aliendelea kuchambua. "Matita mangapi?"

"Kama arobaini."

"Kama?"

"Arobaini na matatu."

"Ulihesabu mara mbili?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ulijua mara mbili."

Kengele ya ng'ombe ililia upande wa pili. Nikasema, "Nisamehe, mama." Akasema, "Utaling'oa." Nikasema nitaling'oa lote, lakini kwanza anisamehe. Alipuliza maganda kwenye ungo, akakohoa, akangoja kikohozi kipite. "Tutaongea mbegu zikiisha." Mimi ni mimi, nikajaribu kushusha bei. Nikamwambia hata nusu, mama, nikifika nusu ya shamba tuongee nusu. Akaniangalia kwa yale macho ambayo hayakuwahi kurudi meupe. "Gugu halina nusu. Ukibakiza moja umebakiza yote." Katika maisha yangu ya biashara sijakutana tena na mtu aliyetaja bei mara moja na kuinuka.

Nilihamia mwaka ule kwenye shamba lake, naweza kusema hivyo. Kila mvua iliponyesha, asubuhi yake nilivaa glavu, shati la Ndeshi la mikono mirefu, kitambaa puani, nikaingia na mfuko wa mbolea. Yeye alikaa ukingoni juu ya kigoda, upepo ukiwa nyuma yake, maana shamba lenyewe halikumruhusu tena aingie, na alionyesha kwa fimbo. "Huyo. Na huyo, nyuma ya mgomba. Umemkanyaga." Nilikuta wimbi la kwanza, nikalimaliza, mvua ya pili ikaleta la pili kana kwamba sijawahi kufika. Tuliacha kumpa ng'ombe palizi ya shamba lile, na hilo lilimuuma kuliko vipele. Samadi tukaifunika ioze hadi iwe moto ndani kabla ya kuirudisha. Matairi ya kirikuu niliyasugua kabla hayajapanda mlima, dereva akinitazama kwa huruma. Palipobaki wazi tulipanda majani ya tembo, yasiachie nafasi. Nilihesabu kila mche niliong'oa, nikamtajia idadi jioni, naye akaitikia kwa kichwa bila kusema vizuri wala vibaya. Ndeshi aliacha mzaha wa samaki. Nilikosa hata huo.

Mwaka ulipoisha nilirudi mjini, nikaanza biashara nyingine, nikawa natembelea masika na vuli na glavu zangu. Katikati nilipiga simu. "Shikamoo, mama." "Marahaba." "Habari za kifua?" "Kipo." "Zimeisha?" "Leo manne." Mwaka mwingine ilifika mawili. Mwaka mmoja ilifika sifuri kwa masika mazima, nikanunua kitenge cha kumpelekea siku ya kuongea. Halafu jirani akanunua majani ya kutoka chini, na vuli yakawa kumi na tisa. Kitenge kiko kabatini hadi leo. Kifua chake kilikwenda na misimu: gugu likichanua barabarani, yeye alifunga madirisha, akavuta dawa yake, akalala ameketi. Na barabarani linachanua. Nendeni kingo za mto Themi, nendeni kwenye viwanja vitupu, mtalikuta. Wafyekaji hufika likishakuwa jeupe, wanalikata juu, wanatawanya mbegu na kuacha shina, kisha linachipua lenye matawi mengi zaidi. Huko ni kulipalilia. Mtu anayefyeka gugu karoti lenye maua na kwenda zake nyumbani amefanya kazi ya kulipanda, na amelipwa.

Siku ya mazishi nilimpeleka Ndeshi nyuma ya migomba nikamfungulia mfuko wa mkate. Sasa ni mwalimu, ana miwani. Aliyatazama maua, mkono ukarudi nyuma wenyewe. "Niliagiza kwa simu," akasema. "Nilikuwa mochwari. Mwenye maua alinitajia bei kubwa nikamwambia apunguze. Akasema basi atajazia na maua ya kienyeji." Akavua miwani. "Nimebishana bei ya shada la mama yangu, Mwajuma. Unajua nani alinifundisha kubishana?" Tukachukua mashada yote manne, tukayatia kwenye mifuko, tukafunga.

Baada ya majuma matatu mvua ilinyesha, nikapanda. Kaburi lilikuwa bado la udongo, katikati ya shamba lake kama ilivyo desturi. Na udongo wa kaburi hutoka chini. Walichimba wakautupa juu, na mbegu zilizokuwa zimelala gizani zikaliona jua. Huenda zilidondoka kwenye mashada. Huenda ni wajukuu wa matita yangu. Sikutaka kujidanganya kwamba ninajua, lakini nilijua upande nilioegemea. Kaburi zima lilikuwa na sahani za kijani, changa, nzuri, zimechanika kwa ustadi, kama karoti zilizopandwa na Mungu. Glavu zangu nilikuwa nimezisahau nyumbani. Nikatwaa zilizoning'inia kwenye msumari wa mlango wa jiko. Nikapiga magoti, nikang'oa polepole, kila mmoja na mzizi wake, Ndeshi akiushika mfuko wa mbolea ukiwa wazi. Nilipata kumi na moja. Nikahesabu mara ya pili, kumi na mawili: moja lilikuwa limejibanza chini ya msalaba, dogo kama sarafu.

"Ndiyo yote?" Ndeshi akauliza.

"Yote ya leo."

Akafunga mfuko kwa kamba, mafundo mawili. Kisha akanyoosha mkono. "Hizo glavu ni za mama," akasema. "Nivulie. Jumamosi uje na zako."